Jumamosi Isiyotaka Kwisha

Kwetu jua halisogezi siku. Jua ni pambo tu, kama kitambaa cha mezani. Siku husogezwa na hadithi, na mtu akikwambia vinginevyo mwulize alizaliwa mji gani, kisha mwache arudi hukohuko.

Nasema haya kana kwamba bado nimeketi ndani ya Jumamosi. Si ile Jumamosi unayoijua wewe, ya kufua na kupiga pasi nguo za kanisani. Ni ile ya katikati, ambayo Bwana amekwisha zikwa na bado hajafufuka, na hakuna mtu anayejua aseme nini. Watu wa miji mingine huivuka wakiwa wamelala. Sisi tumekwama ndani yake. Alasiri imesimama juu ya kilima kama mgeni aliyeaga tangu zamani na bado yuko mlangoni anaongea. Unga ukiukanda hauumuki. Maziwa hayagandi. Moshi ukitoka jikoni unasimama juu ya paa unangoja maelekezo. Ukilala ukaamka, ni alasiri ileile, na chai uliyoiacha kikombeni bado inafuka.

Usicheke. Mimi nimestaafu kazi ya kufungua na kufunga geti kwenye kivuko cha reli, na katika miaka yangu yote ya kazi treni haikupita hata moja. Ndiyo maana hatukupata ajali. Mtu wa kazi kama hiyo anajua kungoja. Lakini huku si kungoja. Kungoja kuna mbele na nyuma. Huku ni kama kusimama kwenye ngazi ambayo juu wameikata na chini wameikata, nawe umeshika sufuria.

Zamani tulikuwa na Kitabu. Mchwa wakakila. Walianza na Mwanzo kama watu wenye adabu, wakaenda ukurasa kwa ukurasa bila kuruka hata yale majina marefu ya wana wa nani na nani, na walipofika Amina ya mwisho wakafa wote kwa pamoja, wamejipanga mstari, mabawa wameyakunja. Basi babu zetu wakagawana kilichobaki, yaani kilichobaki vichwani. Nyumba hii ikashika karamu ya mwisho. Nyumba ile ikashika bustani na usingizi wa wanafunzi. Nyingine ikashika taji la miiba. Kipande hutoka mdomoni mwa mzazi, kikaingia sikioni mwa mtoto, na Pasaka ikifika kila nyumba husimama kwa zamu na kusema chake. Ikisemwa karamu, Alhamisi inapita. Ukisemwa msalaba, Ijumaa inapita. Na ya Jumapili hatuisemei kanisani. Tunaisemea makaburini, katikati ya watu wetu waliolala, maana ndiko hadithi yenyewe ilikotokea.

Na kipande ukikikalia sana, nacho kinakukalia. Nyumba inayoshika kunawa mikono kwa Pilato humaliza sabuni kuliko mji mzima. Nyumba ya Yuda ndiyo yenye watu wapole kupita wote, huwezi kuwaomba chumvi wakakunyima, lakini kwenye harusi hakuna anayewapa shavu la kubusu. Mzee Gwamaka, mwenyekiti wa baraza la wazee wa kanisa, anashika jiwe lililofunga kaburi. Ukimsalimia unasubiri jibu livingirike kutoka tumboni. Mimi nashika jogoo. Kipande changu chote ni kwamba jogoo aliwika. Baba yangu alikisema kwa pumzi moja akakaa. Mimi nimekirefusha kidogo. Jogoo wangu ana jina, ana mkwewe anayemdharau, na usiku ule alikuwa ameapa hatawika tena maishani, sasa ndiyo ujue ilikuwaje mpaka akawika. Mzee Gwamaka ameshaniita barazani kwa ajili hiyo. Nikamwambia, mwenyekiti, nimeongeza manyoya tu, jogoo ni yuleyule.

Mara nyingine sijui ni mimi ninayewika au ni baba. Nikifumbua mdomo inatoka sauti yake, na nikiufunga ananyamaza yeye. Kuna siku nilijitazama kwenye ndoo ya maji nikaona kitu chekundu kimesimama kichwani. Nikaogopa? Sikuogopa. Nikajiuliza tu: je, sisi ndio tunaoishika hadithi, au tumeshikwa? Na kama tumeshikwa, basi aliyetushika mkono wake ukoje, una joto au hauna?

Swali hilo liweke pembeni. Tutalihitaji au hatutalihitaji.

Sasa. Kipande kinachofuata baada ya jiwe la Mzee Gwamaka ni wanawake waliokwenda kaburini alfajiri. Hicho ndicho kinachotutoa Jumamosi na kutuingiza Jumapili, hakuna mlango mwingine. Na kinashikwa na jirani yangu, Mama Atupele.

Mama Atupele alimzika Atupele wakati wa mvua. Homa. Mtoto aliugua akiwa anaimba, akafa akiwa amenyamaza, na katikati yake hatukupata hata nafasi ya kuelewa. Tangu siku ile watu walianza kumwita mama yake Dada Subilaga, jina lake la ubatizo, kwa kuwa waliona kumwita Mama Atupele ni kumtonesha. Walidhani ni huruma. Mimi nimebaki na Mama Atupele, labda kwa uvivu wa kujifunza jina jipya uzeeni, na nadhani ndiyo sababu ni mimi tu niliyekuwa nikifunguliwa mlango wake.

Jumamosi ile tulikwenda makaburini kama desturi, tukasimama, Mzee Gwamaka akasema jiwe lake kwa sauti ya jiwe, wapiga ngoma wa kwaya wakainua mikono tayari kwa shangwe. Mama Atupele hakutokea. Tukangoja. Jua likangoja. Hapo ndipo tulipokwama.

Baraza likaitwa, nami nikaingia kwa kuwa mlango ulikuwa wazi.

"Hatuwezi kukaa hivi," alisema Mzee Gwamaka. "Kipande kihamishwe. Apewe Edina."

Edina ndiye mwimbishaji wa kwaya. Ana sauti ambayo akisema tu "nipitishie chumvi" unajikuta umejibu amina.

"Lakini mwenyekiti," akasema Mchungaji Anyosisye, kijana mpole aliyetoka nje ya mji, kwa hiyo hana kipande. Kwetu mtu asiye na kipande hupewa joho. "Kumnyang'anya mama aliyefiwa, hivi hiyo ni huduma?"

"Mchungaji, nani kasema kumnyang'anya? Tunampunguzia mzigo."

"Na akishapunguziwa atakaa wapi?"

Kila mtu pale alijua jibu. Nyumba isiyo na kipande haina zamu, na nyumba isiyo na zamu hukaa benchi la nyuma kabisa, la wageni. Inasikiliza hadithi ya watu.

"Atakaa kanisani," alisema Mzee Gwamaka mwishowe. "Benchi ni benchi."

Basi wakatafuta wa kumtuma. Kipande huhama kwa mdomo: mwenye nacho anakisema sikioni mwa mjumbe, na mjumbe anatembea kimya mpaka nyumba ya pili, bila kusalimia mtu, bila hata kupiga chafya, asije akakimwaga njiani. Wakatazamana. Kisha kwa huzuni kubwa wakanitazama mimi.

"Ni yeye tu anayefunguliwa mlango," alisema Mchungaji.

"Bwana atusaidie," alisema Mzee Gwamaka.

Nikatoka. Njia ya kwenda kwake naijua kama ulimi unavyojua pengo la jino, na bado nilipotea. Nilipita nyumba yangu nikamwona marehemu baba yangu barazani, kijana kuliko mimi, anashona kiatu. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia, hakuuliza chochote. Wakati uliokwama ni kama kabati usiloweza kufunga. Kila ulichotupia ndani kinakutazama. Nikatembea nikiwaza habari ya mtu anayeshindwa kuisema hadithi aliyorithi. Je, ameiacha imani? Au imani ni kama mzigo wa kuni ambao mwingine akichoka anautua, na kuni hazikasiriki? Sisi tulikuwa tumezoea kudhani kwamba anayeamini ni yule anayesema mpaka mwisho bila kukwama. Tulipima waumini kwa pumzi. Mtoto akijikwaa kwenye kipande cha baba yake tulikuwa tukiinamisha macho kwa aibu, kama vile tumemwona akiwa uchi. Na hakuna aliyewahi kuuliza swali katikati ya kipande. Kuuliza kulikuwa kukatiza, na kukatiza kulikuwa dhambi. Vizazi na vizazi tumesikilizana bila kuulizana. Hebu fikiri hilo. Mji mzima wa masikio na hakuna hata moja lililowahi kusema, enhe, kisha ikawaje?

Nikabisha.

"Hodi hapa."

"Kama umekuja na neno la faraja, liache nje pamoja na viatu."

"Sina neno la faraja. Nina njaa."

"Basi ingia, babu."

Alikuwa ameketi kwenye kigoda, ungo mapajani, anapukuchua maharage ambayo kwa ajili ya Jumamosi ile hayakuwa yanapungua. Nikakaa. Nikapukuchua mawili matatu kwa heshima.

"Umetumwa," alisema.

"Nimetumwa, Mama Atupele."

"Kukichukua."

"Kukichukua nikipeleke kwa Edina. Nifunge mdomo njia nzima."

Akaacha kupukuchua. Akanitazama kuanzia kofia. "Wewe? Ufunge mdomo? Hutafika hata kwenye ua wa jirani, utakuwa umeshamsimulia mbuzi."

"Mbuzi yule hapendi hadithi. Nimeshamjaribu."

Akakaribia kucheka, akajizuia, kama mtu anayeokota kitu kabla hakijafika chini. Kisha akaweka ungo pembeni.

"Chukua tu, babu. Sikitaki tena. Unajua mama alivyonifundisha? Nisimame katikati ya makaburi, nipaze sauti, niseme: hayupo hapa. Nigeuke upande huu niseme hayupo hapa. Nigeuke na upande ule. Na nikigeuka upande ule, babu, miguu yangu itakuwa imesimama wapi?"

Nilijua wapi.

"Atupele yupo hapa," alisema. "Nilimwona akishushwa. Nilimvalisha soksi mimi mwenyewe, kwa kuwa miguu yake ilikuwa haivumilii baridi. Sasa nisimame juu yake nitangaze hayupo? Mimi sijakufuru, mwambie Mzee Gwamaka. Sijaacha kusali. Ila sitasema uongo makaburini."

Nikaona jinsi mambo yalivyopinda. Mji umekwama kwa sababu ya mwanamke mmoja anayekataa kudanganya, na wa kwenda kumkwamua wakanituma mimi.

"Lete sikio," alisema.

Nikaleta. Akaweka mkono juu ya mdomo, akaanza kuninong'oneza, haraka na bila ladha, kama mtu anayerudisha chombo cha kuazima: palikuwa na wanawake, wakatayarisha manukato, wakatoka alfajiri...

"Manukato ya nini?" nikauliza.

"Usinikatize. Haikatizwi."

"Najua. Lakini ya nini?"

"Ya kumpaka."

"Kumpaka nani?"

"Bwana, babu! Nani tena?"

"Si wanakwenda kushangilia kwamba amefufuka? Mtu aliyefufuka unampaka marashi ya maiti?"

"Hawakujua kama kafufuka. Walikuwa wanakwenda kumpaka maiti, ndivyo ilivyo siku zote, wanakwenda..." Mkono ukashuka kutoka mdomoni. "Walikuwa wanakwenda kumpaka maiti," alisema tena, taratibu, safari hii si kwangu.

"Na jiwe? Mzee Gwamaka anasema lilikuwa kubwa."

"Walikuwa wanaulizana njiani nani atawasukumia."

"Yaani wametoka nyumbani kwao hawana wa kusukuma jiwe? Wamebeba mafuta tu?"

"Mafuta tu."

"Wazembe hao."

"Si wazembe!" Alisimama, maharage yakatawanyika sakafuni. "Wewe hujafiwa na mtoto, usiwaite wazembe. Mtu hapangi. Unaamka tu na mikono inatafuta kazi. Kesho yake baada ya kumzika niliamka nikamchemshia maji ya kuoga. Nikayapima kwa kiwiko kama siku zote, yasimuunguze. Nikafika mlangoni na beseni ndipo nikakumbuka. Sasa na wale ni hivyo. Hawakwenda kuona muujiza. Walikwenda kwa sababu miguu haikujua pengine pa kwenda."

Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe sikuwa na manyoya ya kuongeza.

Unajua, katika miaka yote ile nilikuwa nikiwaona wanawake wale wa alfajiri wamevaa nyeupe, wamenyooka, wanatembea kama wanaokwenda kupokea zawadi. Kumbe walikuwa wamevimba macho. Kumbe walivaa kanga walizolala nazo. Kumbe hadithi yetu kubwa kuliko zote ilianzishwa na watu waliotoka nyumbani bila kuamini chochote, wakiwa na kopo la mafuta na swali kuhusu jiwe. Nikaanza kuhisi sakafu ya Jumamosi ikilegea kidogo chini yangu, kama jino.

"Kisha ikawaje?" nikauliza.

"Kisha wakaambiwa hayupo."

"Wakafurahi."

Akatikisa kichwa. "Mama alinifundisha hapa niseme chinichini, kwaya ikiwa imeshaanza ngoma. Wakaogopa. Wakatimua mbio. Hawakumwambia mtu."

"Mbona sijawahi kuisikia hiyo?"

"Hakuna aliyewahi kuisikia. Ngoma huwa zimeshaanza."

Akasimama pale katikati ya maharage, na uso wake ukabadilika kama uso wa mtu aliyetafuta mlango kwa kupapasa ukuta na sasa mkono umegusa komeo.

"Rudisha," alisema.

"Nirudishe nini?"

"Hicho nilichokupa. Kitoe sikioni."

Nikainamisha kichwa nikakitikisa kama mtu aliyeingiwa na maji, na ukitaka uamini, usitake usiamini, kilidondoka nusu kipande, wanawake na manukato yao, na kuku wake wakakikimbilia wakidhani ni mahindi. Akawafukuza, akafunga kilemba, akatoka. Nikamfuata.

Makaburini walikuwa wote. Edina alikuwa amevaa gauni lililopigwa pasi, midomo mikavu. Wapiga ngoma walikuwa bado wameinua mikono tangu tulipowaacha, masikini, damu imeshuka yote kwapani. Mzee Gwamaka alipotuona akanitazama mdomo, akaona unatembea, akashika kichwa.

Mama Atupele akapita katikati yao mpaka kwenye kaburi dogo la Atupele lenye kikombe chake cha bati, akasimama hapo.

"Wapiga ngoma," alisema, "tafadhali, mikono chini."

Wakaishusha. Nikasikia mifupa ikishukuru.

Akaanza. Hakuimba, hakupaza sauti kama alivyofundishwa. Alisema kama mtu anayesimulia msiba kwa jamaa waliochelewa kufika. Akasema habari za mafuta. Akasema jinsi walivyoulizana nani atawasukumia jiwe, na kila mmoja akijua kwamba mwenzake hana jibu na bado wanatembea. Akina mama waliozika wakaanza kujifuta macho kwa ncha za kanga. Kisha akafika mahali pale. Akavuta pumzi.

"Wakaambiwa: huyu mnayemtafuta hayupo hapa."

Akatazama chini, kwenye kikombe.

"Hayo waliambiwa wao, kuhusu huyo. Kuhusu wangu sijaambiwa bado. Wangu yupo hapa. Nangoja kuambiwa. Na wale wanawake wakaogopa, wakakimbia, hawakumwambia mtu. Na mimi naogopa. Kipande changu kinaishia hapo."

Hata ndege, ambao siku ile walikuwa wamesimama hewani kwa kukosa la kufanya, wakageuza shingo.

"Malizia, Dada Subilaga," alisema Mzee Gwamaka. "Sema wakashangilia."

"Haimo, mzee."

"Haiwezekani haimo!"

"Nimerithi mimi au wewe?"

"Basi tazama mwenyewe!" Akanyoosha kidole kwenye kilima. "Jua halijasogea. Edina, njoo mbele, mwanangu, tuokoe."

Edina hakusogea. Mama Atupele alikuwa amesimama wima, na nikajua anachokiona: benchi la nyuma, na mji mzima uliokwama kwa ajili yake, na mtoto chini ya miguu. Ningependa kukwambia kwamba nilifanya kitu. Nilivua kofia.

Hapo ndipo mtu alipokohoa nyuma kabisa, karibu na ua.

Walikuwa Mzee Lusajo na mkewe Bibi Nsia, wazee wa nyumba ya mwisho wa mji, ambapo barabara inachoka. Watu kimya. Nyumba yao ina kipande, hilo tulilijua, kinachofuata baada ya wanawake. Ila hakuna kati yetu aliyekuwa amewahi kukisikia. Zamu yao ilikuwa ikifika ngoma zikiwa juu, vigelegele, watu wanakumbatiana, nao wazee wale walikuwa wakisimama pale kwenye ua kila Pasaka, wakisema chao ndani ya kelele, kisha wakienda nyumbani.

"We baba," Bibi Nsia alimsukuma mumewe kwa kiwiko, "si zamu yetu hii?"

"Zamu gani, ngoma hazijapigwa."

"Si ndiyo maana nakwambia!"

Mzee Lusajo akatazama huku na huku kama mtu aliyesukumwa jukwaani. Akavua sweta, akavaa tena.

"Sasa," alisema. "Siku hiyohiyo, hao wanawake wakiwa wamekimbia, kulikuwa na watu wawili njiani wanarudi kwao. Wamenuna. Mgeni akawakuta akawauliza, mnaongea nini njia nzima? Wakamwambia, wewe peke yako ndiye hujasikia? Wakamsimulia yote, msalaba na kaburi. Wakasema, sisi tulikuwa na matumaini, basi tena, ndiyo tunaondoka. Isitoshe, wakasema, kuna wanawake wa kwetu wametutia kiwewe, walikwenda kaburini alfajiri..."

"Ngoja, babu," alisema Mama Atupele.

Ulikuwa ni mkatizo. Mbele ya kanisa zima.

"Wanawake gani hao?"

"Si hao wako."

"Wangu hawakumwambia mtu."

"Walisema, mwanangu," alisema Mzee Lusajo. "Si papo hapo. Nadhani walikunywa maji kwanza. Lakini walisema."

"Wakaaminiwa?"

"Nani awaamini! Si nakwambia hawa wawili walikuwa wanahama mji?"

Mtu mmoja akacheka. Kisha mwingine. Bibi Nsia akaziba mdomo.

"Na huyo mgeni," aliuliza Mama Atupele, amesogea hatua, "alikuwa nani?"

"Ndiye."

"Ndiye nani?"

"Ndiye mwenyewe. Ila hawakumjua. Alikuwa anatembea nao, anasikiliza hadithi yake mwenyewe ikisimuliwa vibaya."

Nakwambia, maneno yale yaliingia mahali ndani yangu ambapo nilidhani pana ukuta. Nikamtazama Mzee Gwamaka. Alikuwa ameketi juu ya ukingo wa kaburi la baba yake bila kuomba ruhusa.

"Na hakuwakatiza?" aliuliza Mama Atupele.

"Aliwaacha wamalize. Mpaka pale walipochokea. Ndipo naye akaanza yake, tangu mwanzo kabisa, wakitembea."

Mama Atupele akaketi. Aliketi chini, kwenye nyasi, kando ya kikombe cha bati, akakunja miguu kama mtoto anayesimuliwa. Sikuwa nimewahi kumwona mwenye kipande akiketi kumsikiliza mwingine. Kila mmoja wetu siku zote alikuwa akisimama na kurudia chake kimoyomoyo asije akakisahau. Aliketi, mabega yakashuka, akasema, "Endelea, babu. Wakafika wapi?"

"Wakafika kwao. Mgeni akataka kupita, nao wakamng'ang'ania. Ingia, kaa nasi, jua linazama."

Na lilizama.

Hatukupata mapambazuko Pasaka ile. Nimeulizwa sana na watu wa miji mingine, nao huona tulipunjwa. Sisi tulipata jioni. Tulitolewa Jumamosi tukaangukia moja kwa moja machweo ya Jumapili, siku imeshaiva, na jua likashuka nyuma ya kilima taratibu, halina haraka, kama ng'ombe anayelijua zizi lake. Moshi ukapanda. Ndege wakakumbuka walikokuwa wakienda. Mtoto mchanga akalia kwa njaa na mama zake wote wakacheka, maana hakuna aliyekuwa ameona njaa tangu Ijumaa, hata mimi niliyejidai ninayo. Nikasikia tumbo langu mwenyewe likinguruma, nikalisamehe.

"Afadhali," alisema Edina, akikaa chini na gauni lake lote la pasi. "Miguu ilikuwa imekufa ganzi. Nisingeweza hata neno moja."

Mzee Gwamaka akaja mbele. Alichukua muda, unamjua. "Kipande kibaki kilipo, Mama Atupele," alisema.

Hakuna asiyesikia alivyomwita.

"Hata kikiishia kwenye hofu?"

"Kiishie kinapoishia. Kumbe kuna wanaofuata."

Mchungaji akainua mikono atoe baraka, akagundua hata yeye analia, akaishusha, akaipandisha tena. Tukasema amina kabla hajafika popote. Mama Atupele akainuka, akapangusa nyasi kwenye gauni, akamshika mkono Bibi Nsia.

"Na huko kwao walikula nini?"

"Mkate," alisema Bibi Nsia.

"Mimi nina ndizi na maharage, na maharage yenyewe yako sakafuni. Lakini twendeni nyumbani, bibi. Babu naye atanimalizia hadithi."

Wakaondoka wote watatu polepole, Mzee Lusajo akiongea kwa mikono. Mimi sikualikwa. Nilitangulia kwenda kuwasha moto.